Kipande Asichokiona Mwonaji Mkuu

Msiniulize nchi hii iko upande gani, maana hata wenyewe hubadilisha ramani kila wanapopata waziri mpya wa ardhi. Ninachojua ni kwamba ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti tisa, ina Mheshimiwa Mlezi ambaye sura yake imetundikwa hata ndani ya makabati ya nguo, na ina jumba moja la sinema. Jumba hilo linaitwa Jumba la Picha la Taifa. Ndani yake, mstari wa mbele kabisa, kuna kiti kimoja chenye mto mwekundu, na kiti hicho kilikuwa cha Bwana Kondo Shomvi.

Bwana Kondo alikuwa Mwonaji Mkuu wa Taifa. Serikali ya nchi ile, kwa huruma zake, iliona ni mzigo mzito mno kumwachia kila raia atazame picha na papo hapo aanze kuhangaika kutafuta maoni yake mwenyewe. Watu wana kazi nyingi. Kikaundwa cheo cha mtu mmoja atakayeona kwa niaba ya wote. Picha ikiisha na taa zikiwashwa, Bwana Kondo hupanda jukwaani na karatasi, akasoma Maoni ya Taifa, na watu ukumbini wakayarudia kwa sauti, kisha wakatoka nje wakiwa wamekwisha kuwa na maoni. Jioni redio iliyasoma tena kwa wale ambao hawakubahatika kufika.

Maoni yenyewe kwa miaka kumi na saba yalikuwa haya: "Picha hii imetulia. Ina mafunzo kwa rika zote. Tuyachukue mazuri, tuyaache mabaya." Picha ya vita ilikuwa imetulia, picha ya mapenzi ilikuwa imetulia, na picha moja ya mafuriko, ambayo mji mzima ulisombwa na maji mpaka mnara wa saa, nayo ilitulia.

Utaratibu ulikuwa mkali lakini wa haki. Kabla ya Maoni kusomwa hairuhusiwi kucheka wala kulia, kwa sababu hakuna ajuaye bado kama picha ni ya kuchekesha au ya kuhuzunisha. Kulikuwa na mwashi mmoja aliyelia kwa kwikwi kwenye picha ambayo baadaye ilitangazwa kuwa kichekesho. Walimwita Jumatatu, akacheka mbele ya mashahidi watatu, akapewa cheti, mambo yakaisha.

Bwana Kondo aliipenda kazi yake, na watu walimwamkia njiani. Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Nyumbani kwake hakuna aliyemuuliza kitu.

Mkewe, Bi. Siwema, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Binti yao Chausiku alikuwa ameolewa mbali, wamebaki wawili. Bwana Kondo akirudi kazini hukaa kibarazani, akakohoa, akasema, "Leo nimeona picha." Na Bi. Siwema hujibu kutoka jikoni, "Nimeisikia redioni, Baba Chausiku. Imetulia." Habari inaishia hapo. Miaka kumi na saba alitamani mkewe amwambie walau mara moja, "Enhe, ikawaje?" Hakuambiwa. Na kwa kweli ni nani atakayemuuliza mtu maoni yaliyokwisha kutangazwa na serikali?

*

Jumanne moja alasiri alirudi nyumbani akasikia kicheko. Alisimama mlangoni akidhani amekosea nyumba. Bi. Siwema alikuwa peke yake jikoni, amekalia mbuzi anakuna nazi, na alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka na mbuzi yenyewe inayumba.

"Unacheka nini, Mama Chausiku?"

"Hapana kitu. Ni yule mama mkwe."

"Mama mkwe gani? Mama yangu ana miaka sita kaburini."

"Si mama yako, Mungu amrehemu. Mama mkwe wa kwenye picha."

Msimu ule picha ilikuwa moja tu. Ilitoka nchi ya mbali na ilizungumzwa kwa lugha ambayo hakuna mtu aliyeifahamu. Askari anarudi kutoka vitani, anakuta mkewe ameolewa na mtu mwingine. Anakaa juu ya jiwe nje ya nyumba kwa muda mrefu sana, kisha anaondoka. Basi. Bwana Kondo alikuwa ameitangaza kuwa imetulia, na safari hii alikuwa amesema kweli.

"Katika picha ile hakuna mama mkwe," alisema.

Bi. Siwema alimtazama kwa huruma. "Haya, Baba Chausiku," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Hiyo "haya" ilimchoma. Mwanamke haambiwi jambo na Mwonaji Mkuu wa Taifa akajibu "haya" isipokuwa kuna mwingine aliyemwambia vizuri zaidi. Bwana Kondo akaanza kuwaza mambo wanayowaza wanaume. Yuko mtu. Mtu huyo anajua kuchekesha, na bila shaka ana masharubu. Kesho yake alitoka ofisini mapema, akamfuata mkewe kwa mbali, pembeni mwa ukuta, akiwa tayari kumkuta huyo mwenye masharubu na kummaliza kwa maneno.

Bi. Siwema hakwenda mbali. Alikwenda kwenye ngazi za Jumba la Picha la Taifa, akakaa katikati ya watu wengine kama sitini, na aliyekuwa akizungumza mbele yao alikuwa Bi. Havijawa, mkata tiketi.

*

Bi. Havijawa alikuwa amesimama mlangoni pa Jumba kwa miaka ishirini na miwili na hajapata kuona picha hata moja. Asiye na tiketi haingii, na kanuni ilisema wazi kwamba mkata tiketi hawezi kujikatia tiketi mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuwaingiza watu, kufunga mlango, na kuupa mgongo mpaka picha iishe. Akiwa ameupa mgongo alisikia. Alisikia muziki, milango, farasi, watu wakisemezana kwa lugha za kwao. Picha ikiisha aliketi kwenye ngazi akasimulia. Na waliomsikiliza, hili ndilo lililomuuma Bwana Kondo, hawakuwa watu waliokosa nafasi. Walikuwa wametoka humo humo ndani, wameona picha kwa macho yao, wamepewa na maoni, na bado walikaa kusubiri waambiwe walichokiona.

Bwana Kondo, ambaye siku zote hutokea mlango wa wakubwa, alijibanza nyuma ya ubao wa matangazo.

"Sasa steringi wetu yuko juu ya jiwe," Bi. Havijawa alikuwa akisema. "Hali, hanywi, hasemi. Ndani mume mpya anakoroma. Na anakoromea wapi? Juu ya kitanda cha harusi, cha mninga, steringi kakichonga kwa mikono yake. Mama mkwe anapita na ndoo ya maji, anasikia kule kukoroma. Akatua ndoo. Akasema, 'Aa, hapana.' Akaingia ndani. Hakumwamsha mtu, maana ni mwanamke mwenye adabu zake. Akakiinua kitanda, mume mpya yu juu yake, akajitwika kichwani. Huyo, na njia ya mtoni."

Bi. Havijawa hakuwa na haraka.

"Kafika kwa muuza mkaa, kapumzika, kasalimia. Kafika kisimani, kapumzika, wakamuuliza, 'Bibi, umebeba nini?' Akasema, 'Kosa langu.' Kafika darajani, kapumzika mara ya tatu, na hapo hakusema neno, alifuta jasho tu. Kisha akakiweka kitanda majini, polepole, kikaelea kikaenda. Mume mpya kazinduka katikati ya mto. Kafumbua jicho moja, kanyoosha mkono, kasema, 'Mama, mbona chai inachelewa?'"

Ngazi nzima iliangua kicheko. Bi. Siwema alikuwa akimpiga mapaja mama mmoja ambaye hata hakumjua. Bi. Havijawa aliwaacha wacheke mpaka wakachoka, ndipo akashusha sauti.

"Mama mkwe karudi, nguo zimeloa mpaka magotini. Kakaa chini karibu na lile jiwe. Kasema, 'Mwanangu, kitanda kimekwenda. Nyumba siwezi kuibeba. Basi ule kidogo.'"

Bi. Siwema alijifuta macho kwa upindo wa kanga.

Nyuma ya ubao, Bwana Kondo alikuwa bado anatafuta masharubu. Msimulizi angekuwa mwanamume, Bwana Kondo angejua la kufanya. Lakini huyu alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye ndala, aliyempokonya mkewe bila hata kumtazama, na kwa picha ambayo yeye ndiye alikuwa mwenye mamlaka nayo. Alimwonea gere Bi. Havijawa. Alimwonea gere mama mkwe. Kwa muda kidogo alikionea gere hata kile kitanda.

*

Asubuhi yake aliandika Waraka Na. 12, nao ukasomwa redioni. Ulisema ni marufuku kusimulia au kusikiliza picha bila leseni ndani ya hatua arobaini kutoka mlango wa Jumba la Picha la Taifa. Mtumishi wa umma atakayevunja agizo hilo zaidi ya mara moja atavuliwa cheo palepale, bila kusikilizwa. Kwa kuwa waraka haukueleza ni hatua za nani, Wizara ya Burudani na Nidhamu ilifafanua kwamba zitatumika hatua za mtu mfupi, kwa sababu watu wafupi ndio wengi.

Wananchi wa nchi ile walikuwa watiifu kupindukia. Siku hiyo hiyo walimtafuta mtu mfupi, wakampa aongoze, wakahesabu wote kwa pamoja, na kwenye hatua ya arobaini na moja wakakaa. Hapo palikuwa na ukuta wa kuegemea na kivuli kizuri kuliko ngazini, na Bi. Havijawa akasimulia kama kawaida.

Bwana Kondo alikwenda kusimamia utekelezaji. Mara ya kwanza alikwenda na daftari. Mara ya pili alisahau daftari lakini alikumbuka miwani myeusi na kofia pana. Mara ya tatu hakujiambia tena kwamba anasimamia kitu. Alisimama nyuma ya ubao wake wa matangazo, Jumatano, Alhamisi, Jumamosi, wiki hata wiki, na alijua sasa kila pumziko la mama mkwe na urefu wake. Siku Bi. Havijawa alipomwondoa muuza mkaa akamweka msuka mikeka, Bwana Kondo alinuna mpaka jioni. Siku aliporudishwa muuza mkaa, aliwaruhusu makarani wote watoke kabla ya saa.

Nyumbani alijaribu bahati yake. "Leo nimeona picha," akasema kibarazani. "Kulikuwa na mtu amebeba kitanda."

"Si ulisema hayumo?" akasema Bi. Siwema.

Bwana Kondo akauliza kama nazi zipo.

*

Sasa Mheshimiwa Mlezi alikuwa na mpishi, na mpishi alikuwa na miguu, na miguu ilimfikisha kwenye hatua ya arobaini na moja. Alirudi akasimulia jikoni Ikulu. Mlezi alisikia kicheko kinapenya ukutani, akauliza, akaambiwa. Ijumaa, katikati ya hotuba yake kwa taifa kuhusu mbolea, akaweka karatasi pembeni.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimefurahishwa sana na picha inayoonyeshwa sasa, hasa pale mama mkwe anapobeba kitanda. Huo ndio uwajibikaji. Kila mkurugenzi na ajiulize usiku akilala: mimi nimebeba kitanda gani?"

Hawakusubiri usiku. Jumatatu asubuhi wakurugenzi wa wizara tatu walionekana wakiingia kazini na vitanda vichwani, madereva wao wakishika upande wa nyuma. Kuta zilipakwa rangi na kuandikwa BEBA KITANDA CHAKO. Bei sikuiuliza, lakini nasikia maseremala wa nchi ile hawajapata kusalimiwa na watu wengi kiasi kile. Na ikatangazwa kwamba Alhamisi Mheshimiwa Mlezi mwenyewe atafika Jumba la Picha la Taifa kukiona kipande hicho.

Waziri wa Burudani na Nidhamu alimwita Bwana Kondo.

"Bwana Kondo, mama mkwe anatokea dakika ya ngapi?"

"Hayumo, Mheshimiwa."

"Mlezi amemwona."

"Mlezi hajaiona picha, Mheshimiwa."

Waziri aliinuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa. "Hebu rudia."

"Mlezi amemwona, Mheshimiwa."

"Ahsante. Sasa ikiwa Mlezi amemwona na wewe hukumwona, na wewe ndiye Mwonaji Mkuu, hapo hitilafu iko kwenye macho ya nani?"

Bwana Kondo alitazama viatu vyake. Angesema kwamba hicho kipande hakimo, angekuwa amemwita Mlezi mwongo. Angesema kimo, ingembidi akionyeshe. Na angesema alisinzia, ingekuwa amesinzia kwa niaba ya taifa zima.

"Nafasi yako iko Alhamisi," alisema Waziri. "Kipande kikionekana, unabaki. Kisipoonekana, tutatafuta mtu mwenye macho."

Iliundwa Tume ya Kutafuta Kipande Kilichopotea. Tume ilimhoji fundi wa mitambo, naye akasema, "Mimi nazungusha tu, wazee wangu, sitazami. Kutazama ni kazi ya Bwana Kondo." Tume ikaitandaza picha yote uwanjani, ikaipima kwa futi kamba, ikakuta imepungua kwa kiasi cha mama mkwe mmoja. Ikatoa ripoti kwamba kipande kimeibwa na maadui wa maendeleo na ikapendekeza kipatikane kabla ya Jumatano. Bwana Kondo mwenyewe alijifungia ukumbini akaitazama picha mara nne usiku kucha, amekodoa macho nyuma ya bega la askari, akitumaini labda mwanamke mwenye ndoo atapita. Alipita mbuzi tu, na mbuzi alikuwa wa kweli.

Jumanne mchana akaenda mlangoni kwa Bi. Havijawa.

*

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwonaji," alisema Bi. Havijawa, akainuka kwenye kigoda.

"Marahaba. Kaa, kaa." Bwana Kondo alibaki amesimama. "Bi. Havijawa, yule mama mkwe ulimpata wapi?"

"Kwenye picha."

"Hayumo kwenye picha."

Bi. Havijawa alitabasamu kwanza, akidhani ni utani wa wakubwa. Kisha tabasamu likaondoka. "Mheshimiwa, mimi namsikia. Kuna mlango unalia, kisha kimya, kisha maji mengi. Hapo ndipo anapoingia mtoni."

"Ni mvua," alisema Bwana Kondo. "Inanyesha juu ya askari."

Alilisema kwa raha ambayo hakuweza kuificha, na alimwona yule mwanamke akishuka taratibu mpaka kwenye kigoda chake. Miaka ishirini na miwili Bi. Havijawa aliamini kwamba anasimulia kilichomo. Bwana Kondo alisubiri raha yake imkolee, lakini ilikatika haraka, maana alikumbuka aliyekuja kuomba ni yeye.

"Hata hivyo Alhamisi utamsimulia Mlezi," akasema.

"Nimsimulie kitu kisichokuwemo?"

"Kimo. Mlezi amekiona."

Bi. Havijawa aliutazama mlango. "Basi niingie niione kwanza," alisema. "Nisije nikamdanganya mtu mkubwa na umri huu."

Kanuni ilikuwa pale pale, hawezi kujikatia tiketi. Bwana Kondo akaichukua tiketi, akaikata kwa mikono yake mwenyewe, akamshikia mlango. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alibaki nje ya picha akiupa mlango mgongo, na alichosikia ni kelele tu.

*

Alhamisi saa tisa alasiri ukumbi ulijaa. Mlezi alikaa katikati, Waziri kulia kwake, na wake wa maofisa walikaa upande wa kushoto, Bi. Siwema akiwemo, kavaa gauni la harusi ya Chausiku. Picha ikaanza. Askari akarudi, akakuta alichokikuta, akakaa juu ya jiwe. Waziri akainua mkono, fundi akasimamisha mitambo, taa zikawaka, na Bi. Havijawa akapanda jukwaani.

Alisimulia vibaya. Wa hatua ya arobaini na moja wote walilijua hilo mara moja, wakatazama chini. Tatizo ni kwamba alikwisha kumwona askari wa kweli, mwenye uso mrefu na macho makavu, na huyo hakufanana na steringi wake, kwa hiyo kila aliposema steringi alisita. Tena Waziri alikuwa ameyapitishia kalamu masimulizi yake. Mama mkwe aliitwa "mzazi mwadilifu". Alikibeba kitanda "kwa moyo wa kujituma" kutoka nyumbani hadi mtoni moja kwa moja, bila kupumzika, kwa kuwa mapumziko yangeweza kuonekana kama uvivu. Hakuna aliyemuuliza kitu kisimani. Mume mpya hakuuliza chai, kwa heshima ya waume wote waliohudhuria. Dakika nne, kitanda kikawa kimekwisha kuondoka.

Mheshimiwa Mlezi alisimama akapiga makofi. Ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi.

Hapa Bwana Kondo alipaswa kufurahi. Kipande kimeonekana, cheo kimebaki, na yule aliyemnyang'anya mkewe ameharibu mbele ya nchi nzima. Lakini hakufurahi hata kidogo. Wivu ulimshika upya, na safari hii ulikuwa wa namna asiyoijua. Aliwatazama wakubwa wakipigia makofi kitu kilichovunjika na kukiita kizuri, akaona wamemshikia kitu chake, kitu alichokisimamia juani nyuma ya ubao.

"Mwonaji Mkuu," alisema Mlezi, "tupe Maoni."

Bwana Kondo akapanda na karatasi yake. "Picha hii imetulia," alisoma. Akamwona Bi. Havijawa pembeni, kichwa chini. Akamwona Bi. Siwema, ambaye hakuwa akimtazama yeye bali akimtazama Bi. Havijawa kwa uchungu. Akaikunja karatasi.

"Mheshimiwa Mlezi, kipande hiki kimeharibiwa," alisema. "Mama mkwe hupumzika mara tatu. Leo amekimbia. Kisimani huulizwa amebeba nini, hujibu amebeba kosa lake, na jibu hilo leo halikusemwa. Na yule si mwadilifu. Ni yeye aliyemwoza binti yake mara ya pili bila kumngoja askari, anajua, na ndiyo maana hamtumi mtu, anabeba mwenyewe. Na mume mpya lazima aulize chai. Watu wasipocheka pale, hawawezi kulia baadaye, wanabaki wamekaa tu kama sisi tulivyokaa."

Hakuna aliyewahi kusikia maoni marefu kiasi hicho katika jengo lile. Wengine walianza kuyarudia kwa sauti, kwa mazoea, wakajishtukia na kunyamaza.

"Umeyajuaje yote hayo?" Mlezi aliuliza.

"Nimesikiliza, Mheshimiwa."

"Mara ngapi?"

"Kumi na tisa. Na ya leo."

"Ulikuwa umesimama wapi?" aliuliza Waziri, ambaye Waraka Na. 12 ulikuwa mfukoni mwake.

"Nyuma ya ubao wa matangazo."

Akaitwa mtu mfupi. Alitoka nje akahesabu hatua huku Mlezi na ukumbi mzima wakisubiri, akarudi anahema. Ubao ulikuwa kwenye hatua ya thelathini na nane. Katika nchi nzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa amevunja Waraka Na. 12, na jina lake lilikuwepo chini ya waraka, pamoja na sahihi. Mlezi aliuliza kama kuna nafasi ya kukata rufaa. Waziri akasoma waraka mbele na nyuma. Haikuwepo, aliyeuandika hakuiweka.

Bwana Kondo alivuliwa cheo kabla taa hazijazimwa, na Bi. Havijawa akateuliwa Mwonaji Mkuu wa Taifa. Walimkalisha kwenye mto mwekundu, akaukalia nusu, kama mtu atakayeondoka sasa hivi. Kesho yake redio ilisoma Maoni yake. Picha imetulia, ina mafunzo kwa rika zote. Watu walifika hatua ya arobaini na moja, wakaegemea ukuta, wakangoja, wakarudi makwao.

*

Alasiri ya siku hiyo Bwana Kondo alikuwa kibarazani bila kazi. Hakukohoa, hakuwa na picha ya kutaja. Bi. Siwema alitoka jikoni akaketi kando yake kwenye benchi.

"Baba Chausiku."

"Naam."

"Jana ulisema yule mama anajua amekosa. Mimi nimemsikiliza siku zote hizo, na lile 'Kosa langu' nikalichukulia utani, hilo sikuliona. Wewe umelionea wapi?"

Bwana Kondo alimgeukia kuona kama anataniwa. Hakuwa anataniwa. "Kwenye mapumziko," alisema polepole. "Mtu asiye na kosa angekibeba kitanda mbio mpaka mtoni. Yule kila akitua anatazama nyuma. Anamtazama askari."

"Enhe," alisema Bi. Siwema. "Hebu nionyeshe."

Akainuka. Alianzia kwenye ndoo ya maji na kule kukoroma. Alipofika kwenye kitanda hapakuwa na kitanda, akamwinua mkewe, akachukua benchi akajitwika, akashuka nalo uani. Akapumzika kwa muuza mkaa, akasalimia kwa sauti ya Bi. Havijawa kabisa, kwa kuwa hakuwa na sauti nyingine ya kusalimia. Bi. Siwema alianza kucheka, akaegemea nguzo ya kibaraza, akacheka mpaka akakaa chini.

Ndicho kitu alichokitamani miaka kumi na saba, na kilipokuja kikaja na sumu yake. Hakujua mkewe anamchekea yeye, au anamchekea Bi. Havijawa aliyemo ndani ya sauti yake. "Unamcheka nani?" aliuliza kutoka chini ya benchi.

"Endelea bwana."

Akaendelea, gere imempanda mpaka utosini. Akapita kisimani, akajibu alichoulizwa. Akafika darajani, penye karo la kufulia, akatua benchi, akafuta jasho, hakusema neno. Akajitwika tena. Kisha akapiga hatua mbili, akatua tena.

"Mbona mara nne?" alisema Bi. Siwema. "Havijawa hupumzika mara tatu."

"Havijawa," alisema Bwana Kondo, "hajawahi kukibeba."

Bi. Siwema aliacha kucheka. Akamtazama mumewe, jasho linamtiririka na shati limemtoka suruali, kisha akainuka akaisogeza ndoo pembeni ili Bwana Kondo apate njia ya kufika mtoni.